Mistari Minne Niliyoiruka

Kwetu Kisangani, katika mtaa wa Waislamu waliotoka Maniema, haikuwa aibu kusoma vizuri jambo usilolielewa. Mimi mwenyewe nilihitimu Kurani mara tatu mbele ya shehe wangu kule Kasongo kabla hajanifafanulia aya hata moja. Herufi kwanza, sauti ya pili, maana ya mwisho: huo ndio mpangilio tuliolelewa nao, na wengi walifariki wakiwa katika hatua ya pili, wakazikwa kwa heshima ya wasomi. Nautanguliza utaratibu huu kwa sababu kazi niliyoifanya kwa miaka miwili, katikati ya miaka ya hamsini, nyuma ya duka la mfanyabiashara mmoja wa Kihindi, ilisimama juu yake. Na uovu nilioutenda pale ulianza siku nilipoingia hatua ya tatu.

Duka lilikuwa Makiso, mtaa wa katikati ya mji, hatua chache kutoka bandarini. Liliuza vitenge, sufuria, taa za mafuta, chumvi na makayabo, wale samaki wakavu wa chumvi ambao harufu yao iliingia hadi kwenye vitambaa vya bei kubwa. Mwenye duka alikuwa mtu wa makamo, mfupi, mwenye kalamu nyuma ya sikio. Mimi nilikuwa na umri wa miaka ishirini na saba, nikifundisha watoto katika chuo cha Kurani mtaani kwetu, na siku hiyo nilikwenda kununua wino. Aliitazama kofia yangu, kisha vidole vyangu vyenye madoa.

"Mwalimu, weye iko unasoma maandiko ya Kiarabu?"

"Nasoma, patron."

"Na Kiurdu? Unasikiaka Kiurdu?"

"Hata neno moja."

Uso wake ulichangamka kwa namna ambayo sijapata kuona ujinga wangu ukimchangamsha mtu. "Bon! Ni weye niko natafuta."

Mambo yalikuwa hivi. Marehemu baba yake alikuwa ameoa uzeeni mwanamke wa Lakhnau, mji wa kaskazini mwa Uhindi, mjane mwenye binti. Binti alibaki kwa wajomba zake. Mama aliletwa Afrika. Mzee alifariki, mwanamke akabaki mikononi mwa mtoto wa kambo, katika chumba cha nyuma kilichotazamana na ghala la chumvi. Macho yake yote mawili yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho. Binti, aliyehamia Karachi Uhindi ilipogawanywa kuwa nchi mbili, aliandika kila baada ya miezi miwili au mitatu, na aliandika kwa Kiurdu, ambacho huandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mwenye duka na mkewe walikuwa Wagujarati waliozaliwa Afrika. Walisoma herufi zao nyingine kabisa, na Kiurdu walikijua cha santuri tu: waliweza kuimba kwamba moyo unaungua, lakini wasingeweza kwa lugha hiyo kuomba maji ya kuuzimia. Wafanyabiashara wengine waliokijua walikuwapo Bukavu na Bunia, ila mke wa mwenye duka hakutaka mdomo wa mshindani uzijue habari za nyumba yake.

"Alors," alisema mwenye duka, "miye ninataka mudomo. Masikio, hapana. Utasoma, yeye atasikia, weye hautasikia kitu. Ni sawa?"

"Mimi nitasoma tu, patron."

Tukakubaliana. Kila Alhamisi baada ya alasiri, barua mpya au za zamani, kwa kifurushi cha sukari na kifurushi cha majani ya chai. Alhamisi ilichaguliwa kwa sababu siku hiyo yeye hupanda mashua kupeleka bidhaa Yangambi, na hakupenda kusikia sauti ya mama yake wa kambo ikicheka.

Maana alicheka, na kicheko chake kilikuwa na meno. Nilimkuta ameketi juu ya kitanda cha kamba, mwembamba, amejifunga shela nyeupe iliyotiwa viraka kwa ustadi mkubwa, na mkononi ameshika mwiko wa mbao. Sikuelewa kazi ya mwiko mpaka nilipoanza kusoma. Nilisoma nilivyofundishwa kusoma: nikavuta mahali pa kuvuta, nikaghuna kwa pua mahali pa kughuna, nikasita nilipodhani ni mahali pa kusita. Aliniacha nifike mstari wa tatu. Kisha akaanza kutikisika, akacheka hadi akakohoa, na mwiko ukanishukia gotini.

"Mwalimu," alisema kwa Kingwana chake kibovu, Kiswahili cha Kongo alichojifunza kutoka kwa wapishi, "binti yangu anaandika mutoto iko na mafua. Mafua! Weye unaimba sawa malaika anapuliza baragumu, watu wote watoke kaburini!"

Huo ulikuwa mwanzo wa mafunzo yangu. Kiurdu kina herufi ambazo Kiarabu hakina, na hakiandiki irabu fupi. Mtu asiyekijua hukisoma kama anayetembea kwenye ngazi iliyong'olewa vidato. Yeye alikuwa ameisoma lugha hiyo kwa macho yake hadi macho yalipopofuka, kwa hiyo alijua kila umbo. Nilipokwama, nililichora neno kwa kidole changu katika kiganja chake, herufi kwa herufi, naye akalitamka. Kiganja kilikuwa kikavu na baridi. Nikikosea mara ya pili katika neno lilelile, mwiko. Mara ya tatu, matusi, na matusi yake alikuwa ameyatayarisha vizuri kuliko mpishi anavyotayarisha mboga.

"Punda wa Kasongo. Walikufundisha kusoma ao walikufundisha kutafuna?"

"Kusoma, Mama."

"Basi mwalimu wako alikuwa na deni kwa Mungu, akalipa na weye."

Sikumchukia. Nataka nieleweke vizuri hapo, maana ingekuwa nafuu kwangu kusema kwamba nilimlipizia kisasi. Shehe wangu alinipiga zaidi na kunifundisha kidogo. Nilitoka katika chumba kile na goti linaniuma na maneno kumi mapya, na nikiwa njiani kurudi mtaani niliyarudia kama mtu anayehesabu tasbihi. Baadhi yalikuwa ndugu zetu wa siku nyingi: dunia, kitabu, wakati, hali, Waarabu waliyapeleka huku na kule, nasi tukakutana nayo katika chumba cha nyuma cha duka la samaki. Mengine yalitoka Uajemi, mengine katika udongo wa Uhindi wenyewe. Kufikia mwisho wa mwaka wa kwanza nilikuwa nafuata barua kama mtu anayefuata mazungumzo ya chumba cha pili. Nilikuwa pia naandika majibu: yeye akisema, mimi naandika. Alijua kwamba naelewa, na hilo lilimpa fahari aliyoificha ndani ya matusi. Mwenye duka hakujua. Kila aliporudi kutoka Yangambi akaniuliza kwa mzaha kama leo nimesikia kitu, nilijibu kwamba mimi nasoma tu.

Nyumba ile haikumtesa kwa mikono. Ilimtesa kwa lugha. Alipoomba kitu kwa Kiurdu, mke wa mwenye duka alijibu kwa Kigujarati, polepole na kwa sauti kubwa, kama tunavyosema na mtu mwenye akili punguani. Alipoomba kwa Kigujarati, walimcheka lafudhi. Alipoomba kwa Kingwana, mke yule alimwita mtumishi na kusema mbele yake, "Sikia, bibi anazungumza na weye, ni lugha yenu." Mara moja nilimkuta ameketi na kikombe cha maziwa yaliyoganda utando, na inzi ndani yake. Alikuwa ameomba sukari tangu asubuhi, katika lugha tatu.

Wakati huo nilikuwa na daftari ambamo niliandika, kwa bidii ya kijana anayetaka kuwa mtu, mahali pote ambapo Kiurdu kilitumika katika mji wetu. Kilikuwa kwenye santuri za dukani, kwenye makopo ya poda, na kwenye kalenda iliyotundikwa juu ya mizani, yenye picha ya msikiti wa mbali. Kilisikika katika msikiti mdogo wa Waasia alipopita mhubiri mgeni, yaani mara moja kwa mwaka, na waliomsikiliza walilia mahali pasipo pa kulia. Nilipozidi kuchunguza niliyafuta yote kwa mstari mmoja mmoja, kwa kuwa hakuna hata mahali pamoja kati ya hapo ambapo mtu aliuliza kwa Kiurdu na mwingine akajibu. Baada ya kufuta yote, kilibaki chumba kimoja chenye kitanda cha kamba. Kuanzia maporomoko ya mto hadi mwisho wa barabara ya Yangambi, lugha nzima ilikuwa imehifadhiwa katika koo la mwanamke mmoja.

Na chini ya kitanda lilikuwapo sanduku la bati, vitabu vya marehemu mumewe na vyake: tafsiri ya Kurani, na mashairi, mashairi mengi, na visa vya mapenzi vya watu waliokufa zamani. "Siku utasoma ukurasa mumoja bila miye kugusa mwiko," aliniambia, "sanduku ni yako." Nilijiona tayari, Mwafrika pekee katika Kongo yote awezaye kufungua vitabu hivyo. Nilijiona nikikaribishwa mbele ya wazee wa mtaa wetu. Nilikuwa nimefika hatua ya kusoma nusu ukurasa.

Hapo ndipo ilipofika barua ya mwezi wa Jumada ya pili, mwezi unaotangulia Rajabu.

Miezi michache kabla alikuwa ameniandikisha swali kwa binti yake, akalirudia mara mbili ili nisikosee: je, huko Karachi wako madaktari wanaofungua macho ya namna yake, na je, mume wa binti atamvumilia mkwe kipofu nyumbani? Hakutaka mwenye duka ajue kwamba ameuliza. Tangu siku hiyo kila Alhamisi aliniuliza kwanza kama posta imeleta kitu, na akajibu mwenyewe kabla yangu: "Bado. Njia ni refu."

Barua ilikuwa ya kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ulikuwa salamu, meno ya mjukuu, bei ya unga, ugomvi na jirani kuhusu bomba la maji. Nilisoma vizuri siku hiyo, vizuri kuliko siku zote. Mwiko ulilala mapajani mwake. Katikati ya ukurasa wa pili macho yangu, ambayo yalikuwa yamezoea kutangulia ulimi kwa mistari kadhaa, yalifika mahali ambapo binti alisema hivi: Mama, chumba cha chini tumekisafisha, hakina ngazi. Daktari yuko karibu nasi, amefungua macho ya jirani yetu, naye anasema ya namna yako hufunguka. Ndugu wa mume wangu atakuwa Kampala katika Shaabani akielekea Mombasa kupanda meli, na amekubali kukuchukua. Tupe jawabu kabla Rajabu haijaisha, kwa maana bila jawabu hatangoja.

Mistari minne. Safari, jawabu na Rajabu niliyajua kutoka katika Kiarabu. Chumba na jicho alikuwa amenifundisha yeye, kwenye kiganja chake.

Nilikuwa bado nasoma mstari uliotangulia, kwa sauti, na sauti haikutetemeka. Katika muda ule ambao msomaji huvuta pumzi kati ya mstari na mstari, nililiona sanduku la bati likipakiwa kwenye lori la Bunia, na kitanda kimeondolewa, na magunia ya chumvi yamewekwa mahali pake. Nikavuta pumzi, nikasoma mstari wa tano. Ulianza na salamu za mjukuu, uliungana vizuri.

Nilipomaliza aliuliza: "Ni yote?"

"Ni yote, Mama."

"Juu ya macho hakuandika?"

"Hakuandika."

Aliinamisha kichwa, akapapasa shela yake mahali penye kiraka. Kisha akaniambia niandike jibu, akatoa shauri kuhusu meno ya mjukuu na jinsi ya kumkomesha jirani wa bomba, kwa ufasaha wake wote, na wala hakurudia swali lake, kwa kuwa alikuwa mwanamke asiyeomba jambo lilelile mara ya pili isipokuwa sukari. Niliandika kila neno. Mwandiko wangu wa siku ile ulikuwa mzuri. Niliona haya kidogo kwa sababu ya uzuri wake, na nikaufurahia hivyohivyo. Tulipomaliza alifungua sanduku akanipa kitabu kimoja cha mashairi niende nacho nyumbani. Ilikuwa mara ya kwanza.

Rajabu ikapita. Nilisoma kitabu kile nyumbani kwa Rajabu nzima na nusu ya Shaabani, na nakiri kwamba sijapata katika maisha yangu kusoma kwa furaha kama ile.

Katika siku za mwisho za Shaabani alipita dukani mchuuzi wa vitambaa aliyetoka Kampala, Mpunjabi, mtu mnene mwenye sauti ya upole, akalala katika nyumba ile siku mbili akingojea lori lake litengenezwe. Sikumwona. Alhamisi iliyofuata, ya mwisho kabla ya mfungo, nilipoingia nilikuta chai imekwisha kumiminwa, jambo ambalo halikuwa desturi. Mwiko haukuwapo.

"Mwalimu, leo hakuna barua mupya. Soma ile ya Jumada, ninapenda kusikia meno ya mutoto."

Nilisoma. Nilipofika mahali pale niliruka mistari minne, kwa sababu mtu aliyekwisha kuruka hana njia nyingine.

"Muzuri," alisema. "Tena. Ukurasa wa pili tu."

Nilisoma tena, nikaruka tena. Sasa nilijua. Nilijua kwa sababu hakunirekebisha neno moja nililolikosea makusudi, kujaribu.

"Tena, maulana."

Maulana ni jina la heshima kwa mwanachuoni, na hakuwahi kuniita hivyo ila kwa kejeli. Safari hii hapakuwa na kejeli ndani yake. Alikuwa ananipa nafasi ya tatu. Nimezitafakari nafasi hizo tatu miaka mingi, na naamini zilikuwa za kweli. Ningefungua mdomo nikaisoma mistari ile, angenipiga, angenitukana mimi na Kasongo yote, na pengine angenisamehe. Nilisoma kwa mara ya tatu. Niliruka.

Ndipo alipoisema yeye. Aliisema kwa moyo, kwa Kiurdu, mistari yote minne, bila haraka, kila irabu mahali pake, kama mwalimu anayemtolea mwanafunzi mfano: chumba cha chini kisicho na ngazi, daktari, ndugu aliye Kampala, jawabu kabla Rajabu haijaisha. Sauti yake ilikuwa nzuri. Sikuwa nimewahi kumsikia akisoma.

Kisha akageukia Kingwana. "Yule mutu wa Kampala anasoma muzuri. Polepole. Anasoma yote."

"Mama…"

"Kunywa chai, itapoa."

Nilikunywa. Nilidhani atanifukuza, au atamwambia mwenye duka kwamba mdomo aliouajiri ulikuwa na masikio. Hakufanya hata moja kati ya hayo. Nilipoinuka aliniambia, "Alhamisi, kama kawaida," nami nikarudi Alhamisi, na Alhamisi nyingine, kwa miezi, kwa kuwa nilitumaini. Kila mara alinikaribisha kwa adabu. Aliniuliza habari za wanafunzi wangu, mvua, bei ya sombe, majani ya muhogo, sokoni. Yote kwa Kingwana. Hakunitamkia tena neno moja la Kiurdu. Nilipomsalimu kwa Kiurdu alijibu, "Jambo, mwalimu." Nilipomletea neno gumu kutoka katika kitabu na kuomba kulichora kiganjani mwake, alikunja ngumi taratibu, akaiweka chini ya shela.

"Miye ni mutu wa hapa sasa," alisema. "Lugha ya hapa inanitosha."

Kitabu cha mashairi alikidai. Nilikirudisha. Baada ya wiki mbili nikasikia kutoka dukani mlio wa karatasi zikichanwa, mmoja baada ya mwingine, kwa mpigo uleule. Nilitazama chini ya kitanda: sanduku halikuwapo.

"Niliwapa vitabu, wafungie bidhaa," alisema, uso wake umeelekea kwenye mwanga wa mlango. "Tafsiri ya Kurani nilibakisha. Ile ingine hakuna jina la Mungu ndani, ni wajinga tu wanalia juu ya mwezi. Karatasi ni nzito, muzuri kwa makayabo."

Mwenye duka alifurahi, maana karatasi ya kufungia ilikuwa ghali. Lakini yule mwanamke kipofu alikuwa ameishi Kisangani muda wa kutosha, na aliijua desturi yetu. Katika mtaa wetu hakuna mtu awezaye kutupa karatasi yenye herufi za Kiarabu. Akiiona chini huiokota, huigusisha kwenye paji la uso, na kumpelekea mwalimu aiweke mahali safi. Baada ya siku tatu alikuja mwanamke wa kwanza, jirani yangu, ameshika karatasi kwa ncha za vidole, macho yamemtoka.

"Mwalimu, astaghafiru, Wahindi wamefungia samaki katika neno la Mungu! Iko ni aya gani?"

Niliichukua. Ulikuwa ukurasa wa mashairi, umelowa chumvi. Nilimwambia si aya. Hakuniamini, akaniacha nayo. Baada yake walikuja wengine, kila siku wawili, kila siku watatu: wafua nguo, wachukuzi wa bandarini, mama wa mwanafunzi wangu mmoja. "Tusomee, mwalimu." Nami niliwasomea mlangoni pangu, kwa sauti niliyofundishwa na mwiko, nao walisikiliza wameinamisha vichwa, na wengine waliitikia amina. Hivyo sanduku aliloniahidi lilinifikia lote: ukurasa wa mia mbili kabla ya wa tisa, mwanzo wa shairi bila mwisho wake, kila mmoja ukinuka samaki, na katika kila ukurasa kulikuwa na maneno sita au saba ambayo mtu mmoja tu mjini aliyajua.

Barua ya Karachi ilifika katika Shawali, mwezi baada ya mfungo. Mchuuzi wa Kampala alikuwa amemwandikia binti kwa niaba ya mama kabla hajaondoka, akieleza yaliyotokea na kuuliza kama bado iko nafasi. Hili ndilo lilikuwa jawabu. Mwenye duka aliiweka bahasha mkononi mwa yule mwanamke mbele yangu, akaenda zake Yangambi.

Aliizungusha. Alipapasa stempu, kisha kingo, kisha mahali ilipobandikwa gundi. Nilikuwa nimeketi mbele yake, umbali wa mkono mmoja.

"Mama, nisome?"

"Hapana."

"Nitasoma yote. Naapa."

"Ninajua utasoma yote," alijibu. "Leo utasoma yote. Lakini musomaji wangu anakuja. Alisema atarudi mwezi ya Dhulhija."

Aliiweka bahasha chini ya mto. Alhamisi iliyofuata aliitoa, akaiweka juu ya mkeka kati yetu, tukaongea habari za mvua. Alipokwisha kunitazamisha aliirudisha. Ikawa ndiyo desturi yetu mpya. Nilimwomba mwenye duka ampelekee mtu mwingine barua hiyo, Bukavu au Bunia, akanishangaa. "Mwalimu iko hapa, donc nisumbue posta kwa nini? Kama yeye hataki, ni mambo yake na weye." Barabara ya Ituri, njia ya malori ya Kampala, ikaharibika kwa mvua. Dhulhija ikaanza, ikafika nusu. Mchuuzi hakuja. Mwanamke alikuwa amekonda hadi pete zake alizifunga kwa uzi, na sauti ya kila lori barabarani aliigeuzia kichwa kabla ya mtu mwenye macho kulisikia.

Mara moja tu nilivunjika, nikapiga magoti, nikasema kwa Kiurdu maneno yote ya kuomba msamaha niliyoyajua. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kwa muda mfupi midomo yake ilijikunja, nikaelewa kwamba nimekosea neno na kwamba ulimi wake unataka kulirekebisha. Aliuma mdomo.

"Sisikii," alisema kwa Kingwana. "Unasema lugha gani?"

Alifariki Muharamu, mwezi baada ya Dhulhija, mchana, katika homa ya siku nne. Tulimzika katika makaburi ya Waislamu, upande wa Waasia. Siku ya tatu baada ya maziko mwenye duka aliniita. Alikuwa ameketi juu ya kitanda cha kamba, mkewe amesimama mlangoni amefunika pua kwa ncha ya sari, na magunia mawili ya chumvi yalikuwa yamekwisha kuingizwa. Bahasha ilikuwa mkononi mwake, gundi yake bado nzima.

"Soma," aliniambia. "Labda iko mambo ya mali yake kule Uhindi."

Niliifungua. Binti alikuwa ameandika kwa mwandiko mkubwa, wa mtu anayelia au anayeharakisha. Alisema wamesikia yote, na kwamba Mungu ndiye mwenye kumhukumu msomaji. Alisema chumba kiko vilevile, na kitanda kimetandikwa. Daktari amekubali. Shemeji yake ana safari nyingine: atafika Kampala mwanzoni mwa Dhulhija na safari hii atangoja, jawabu lije lisije, mpaka mwezi uishe. "Panda lori lolote, Mama," aliandika. "Yeye atakuwa pale."

Nilisoma kwa sauti. Nilisoma mistari yote, sikuruka hata mmoja, na nadhani sikukosea irabu. Mke wa mwenye duka alipiga mwayo. Walisikia jina la mama, jina la Kampala, jina la mwezi. Katika yale mengine sauti yangu ilipita juu yao kama inavyopita juu ya wanafunzi wangu wadogo. Nilipomaliza, mizani ililia huko dukani.

"Bon," alisema mwenye duka. "Inasema nini?"

Nilikunja karatasi kwa mikunjo yake ya zamani.

"Mimi nasoma tu, patron."

Alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Ni kweli, nilisahau. Ni vile tulisikilizana." Akaniongoza hadi dukani, akachana ukurasa kutoka kwenye rundo, akanifungia sukari yangu.